Mulango wenye kufunga lazima ufunguke pia

Haya ni maneno juu ya serure za milango yetu (vitasa), nilisema mbele ya wakaaji wa avenyu yetu hapa Goma, jumamosi kisha salongo, ile kazi ya pamoja ya avenyu. Wengi waliniomba niyaandike ju si wote walibaki mpaka mwisho, basi nayaweka vile niliyasema, nimepunguza tu kidogo.

Shefu wa avenyu, banyumbakumi, bamama, bababa, na nyinyi vijana, jambo kwenu wote. Asante kwa kunipa nafasi, najua jua linapanda na kila mutu angali na jembe mukononi na kazi ya nyumbani inamungoja. Mimi niko fundi wa milango ya chuma na serure, wengi munanijua. Leo sikuja kuuza kitu. Nilimuomba shefu dakika chache ju kuko jambo linaniuma kila mara naitwa kuvunja mulango wa mutu, na linaniuma zaidi ju karibu kila mara serure ile ingepona kwa kitu kidogo sana.

Sisi huku tukisikia serure tunafikiria mwizi. Ni kweli, na hakuna mutu hapa nitamulaumu kwa kuogopa mwizi. Lakini muangalie nyumba zetu vizuri. Madirisha yote tumeweka antivole ya ferabeto, tumesudia kabisa, hata mutoto hawezi kupita. Mulango wa nyuma kama uko, tumeweka kabati mbele yake ao magunia ya makala. Kwa hiyo nyumba nzima, baba, mama, watoto, bibi mwenye haoni vizuri, wote wako na njia moja ya kutoka, na njia ile inashikwa na kipande cha chuma kidogo chenye hakuna mutu alishakiangalia tangu siku kilinunuliwa. Nyumba nyingi za hapa ni za mbao. Ndani kuko mbabula, kuko buji siku umeme haiko, na siku umeme iko kuko waya zenye zimeungwaungwa. Mutu anaamuka usiku na moshi, anakimbilia mulango, funguo inaingia nusu, inakwama. Hapo hakuna tena habari ya mwizi.

Na sisi watu wa Goma ndio tungepaswa kujua hii kuliko wote. Volkano ya Nyiragongo ya 17 Januari 2002 ilipita katikati ya muji. Ile ya 22 Mei 2021 ilikuja jioni, siku ya jumamosi, watu wako ndani, na tarehe 27 asubuhi wakatuambia katiye 10 zitoke, watu wakafunga nyumba mbiombio wakaenda Sake, wengine Minova, wengine Rutshuru, wengine wakavuka Gisenyi. Mukumbuke tena matetemeko ya siku zile, udongo ulikuwa unatikisika usiku na muchana, kuta zikapasuka. Wakati watu walirudi, nyumba nyingi milango ilikataa, na serure haikuwa na kosa. Ni kadre, ile fremu ya mulango, ilikuwa imehama kidogo, kidogo tu, na ulimi wa serure, kile chuma kinatoka ukizungusha funguo, haukuona tena kitobo chake. Hiyo nitairudilia.

Kwanza nataka muone kitu. Nimeleta hii silinda, ile sehemu ya serure funguo inaingia, nimeikata katikati na musumeno ili ndani ionekane, mupitishe mukono kwa mukono, msiangushe tafazali. Hizi vitu vidogo vimejipanga ni pini, ziko tano, zingine serure ziko na sita. Kila pini iko juu yake ingine, na juu kabisa kuko resore (springi) nyembamba kama unywele inaisukuma chini. Funguo ikiingia, meno yake inainua kila pini kwa urefu wake, na zote zikifika sawasawa kwenye mustari mumoja, silinda inazunguka. Pini moja ikibakia chini ao ikakwama juu, haizunguki. Ni hivyo tu. Akili hii ni ya zamani sana, Wamisri wa kale walikuwa na serure za mbao zenye pini, na hii yenye funguo bapa tunatumia leo ni ya Mumarekani mumoja, Linus Yale, alipata hati yake mwaka 1861.

Sasa muangalie nafasi kati ya pini na tundu lake. Haionekani, ndiyo? Hata unywele hauingii vizuri. Na chuma chenyewe ni laito, shaba kama ile ya Katanga imechanganywa na zinki, ni laini, haishiki kutu kirahisi, lakini inakwaruzika. Na sisi tunakaa wapi? Tunakaa juu ya lava. Barabara zetu ni lava imesagwa na matairi, na siku volkano inatupa majivu, majivu yale si kama ya mbabula, ni vipande vya kioo na mawe vyenye jicho haliwezi kuona, ni vigumu kuliko laito mara mingi. Vikiingia ndani ya silinda vinafanya kazi ya tupa, kila mara unazungusha funguo unajikatia serure mwenyewe. Tena kuko ule moshi wa Nyiragongo, uko na gesi ya salfa, ikikutana na maji ya mvua inakuwa asidi, upepo ukiuleta huku muji na mvua ikinyesha, mabati yanaliwa na kutu, resore ya serure nayo inaliwa na kutu, ju resore nyingi za bei chini ni chuma cha kawaida. Ndugu zetu wa Mombasa wanasumbuliwa na chumvi ya bahari, sisi ziwa letu halina chumvi ya vile, lakini tuko na yetu.

Basi mutu anaona serure inakuwa nzito. Anafanya nini? Anaenda jikoni. Anachukua mawese.

Bamama, hapo nawaomba munisikilize vizuri. Mawese ni chakula. Muji wetu uko juu, karibu metre 1,500, asubuhi kuko baridi, na nyinyi wenyewe munaona ndani ya chupa mawese imeganda, chini iko nzito kama sabuni, mpaka uiweke karibu na moto. Sasa kama inaganda ndani ya chupa yenye shingo pana hivi, ndani ya tundu la pini itafanya nini? Inaganda vilevile. Siku ya kwanza unafurahi, funguo inateleza, unasema nimepona. Kisha wiki chache vumbi linashikana na mafuta, linakuwa ugali mweusi. Hii kadena hapa, kufuli ya kuning'iniza, yenye imeandikwa kwa chaki nyekundu, mama mumoja aliniletea, muangalie mdomo wake: ule weusi unaona si kutu, ni mawese na vumbi la barabara. Nilipoitoa na sindano ilitoka ndefu kama mukia. Mafuta ya kupika ya chupa, ile ya njano, haigandi na baridi lakini nayo ni vilevile, ikikaa na hewa inakauka, inakuwa gundi. Siagi pia hapana. Mafuta ya kupaka mwili hapana.

Vijana wa pikipiki nao wanakuja na vidanje. Vidanje ni mafuta yenye imetoka kwenye moteri, ndani yake kuko masizi na unga wa chuma, unatoa vumbi moja unaingiza lingine. Esanse inasafisha kweli lakini inakausha kabisa, tena ni hatari, mutu anaimimina mulangoni na mbabula iko metre mbili. Sitaki hata kuongea zaidi juu ya hiyo.

Na ile bombe ya bluu na njano, WD-40, yenye kila kenkayeri, duka la vyuma, ya Birere iko nayo? Watu wananiuliza kila siku. Ile ilitengenezwa Marekani mwaka 1953, San Diego, kwa kufukuza maji kwenye chuma ili kisishike kutu, ile 40 ni jaribio la 40, njo lilifaulu. Kwa hiyo ni nzuri kusafisha, ni nzuri serure yenye imenyeshewa, ni nzuri kulegeza kadena yenye imekataa. Lakini sehemu kubwa inaruka na hewa, yenye inabakia ni mafuta nyembamba, na sisi wenye vumbi hii tukiiacha hapo peke yake tutarudi kulekule. Mafundi hawakubaliani wote juu ya hii, kuko wenye wanaitumia peke yake miaka na hawana shida. Mimi naona kwa Goma itumike kama sabuni: osha nayo, alafu weka kitu cha kukauka.

Kitu cha kukauka ni nini? Kama uko na uwezo, nunua bombe yenye imeandikwa PTFE, ni teflon, inarushwa ikiwa maji na inakauka, inabakia unga wa kuteleza, vumbi halishiki. Silikoni pia inasaidia, sana sana kwenye mupira wa mulango. Lakini kama huna uwezo, na wengi wetu hatuna, kuko kitu kiko ndani ya shakoshi ya mutoto wako. Krayo. Ile krayo ya kuandika, nyeusi ya katikati si risasi, ni grafiti imechanganywa na udongo. Grafiti inateleza yenyewe bila mafuta, tabaka zake zinateleza moja juu ya ingine. Krayo laini ya kuchora, ya 2B ao 4B, iko na grafiti mingi kuliko ile ya shule, lakini ya shule nayo inafanya kazi.

Muangalie vile ninafanya. Nachukua funguo, naipangusa ikuwe safi. Napaka krayo pande zote mbili, sana sana hapa juu ya meno, ndani ya kila bonde la jino, mpaka inang'aa nyeusi. Naingiza. Sizungushi. Natoa, naingiza, natoa, mara kumi hivi, ili unga ubakie kwenye pini. Sasa nazungusha polepole, kulia, kushoto. Natoa, napangusa na kitambaa. Napaka tena, narudilia. Mara tatu inatosha. Musikie sasa… ile sauti ya kukwaruza haiko tena. Sikutumia hata tone la mafuta.

Ila musikosee hapa: grafiti na mafuta haziendi pamoja. Kama serure yako ilishakunywa mawese, ukiweka krayo juu yake unatengeneza tope. Lazima uioshe kwanza. Unarusha WD-40 ndani, ao unachukua petroli ya taa kidogo na sindano ya farmasi yenye haina kichwa, matone machache tu, mbali na moto wote, unaingiza funguo, unatoa, unapangusa ule weusi, unarudilia mpaka funguo itoke safi. Fanya asubuhi na mulango ukiwa wazi, uache ikauke mpaka jioni, kisha njo krayo. Na siku majivu yanaanguka, kabla ya kuingiza chochote, pitia kwa kwado, ule wa kuziba mipira, umuombe upepo wa kompresere, kama ni kadena unaipeleka tu mukononi. Usipulize na mudomo. Pumzi yako iko na maji, unasukuma vumbi ndani na unalilowesha.

Serure ya funguo ndefu, zile za zamani za funguo ya duara yenye meno kwenye ncha, hazina pini, ndani ziko na vibati vinapanda na kushuka. Hizo zinapenda grese kidogo sana kwenye ulimi na kwenye vibati, kama kichwa cha kiberiti. Ukifungua kifuniko piga kwanza picha na telefone, ju resore ikiruka hutakumbuka ilikuwa wapi. Pomele za mulango, zile bawaba, nazo grese, ao mafuta ya cherehani. Mafuta ya cherehani ni nzuri tena kwenye ule mukono wa kadena, pale unaingia.

Kadena za nje, za geti. Nyingi zinakufa na maji tu. Tundu la funguo likuwe linaangalia chini, kila siku, si kando wala juu. Alafu kata kipande cha mupira wa ndani wa kinga (baiskeli), upana wa mukono, kifunge juu kama kofia kifunike kadena yote. Ni bule, ma kwado wanatupa mipira ile. Kadena yenye kofia na yenye haina kofia, kisha musimu mumoja wa mvua, utaziona tofauti na macho yako.

Narudilia ile ya kadre, ju ni hapo pesa ya watu inapotea. Mutu anaona funguo ni nzito, ananunua serure mupya, anaiweka, kisha mwezi mumoja ni nzito tena. Fanya hivi mbele ya kununua: fungua mulango wazi, alafu uzungushe funguo mulango ukiwa hewani. Kama inazunguka muzuri, serure yako ni nzima. Shida ni mulango. Mulango umeshuka, ao mbao imevimba na mvua, ao nyumba ilicheza na matetemeko. Paka masizi ya mbabula kwenye ncha ya ulimi, funga mulango, jaribu kuzungusha, fungua, uangalie kwenye kadre masizi yameacha alama wapi. Kama alama iko chini ya kitobo, mulango umeshuka. Kaza vise za pomele ya juu kwanza, mara nyingi inatosha. Kama haitoshi, chukua tupa ukule kidogo ile chuma ya kitobo upande alama iko. Usipige ulimi na nyundo! Na tafazali tuwache tabia ya kuvuta mulango na funguo, ju mukono wa mulango ulishavunjika, tunashika funguo tunavuta mulango wa chuma wa kilo hamsini nayo. Njo pale funguo inapinda, kisha siku moja inakatikia ndani.

Ikikatika, usiingize ingine kuisukuma, na usitie superglu kwenye kipande ukijaribu kukivuta, nimeona silinda nzima zimetupwa ju ya superglu. Tafuta lame nyembamba ya musumeno ya chuma, meno yakiangalia kwako, iteleze kando ya kipande, ukamate, uvute polepole.

Juu ya funguo zenyewe: ukinunua serure inakuja na funguo mbili ao tatu. Weka moja ya asili mahali salama, ile usitumie. Siku unataka kopi, peleka ya asili. Kopi ya kopi ya kopi, kila moja inapoteza kidogo, mwisho pini hazifike kwenye mustari na unasema serure ni mubaya.

Wakati gani? Huku kwetu kiangazi cha Juni mpaka Agosti njo vumbi ni kali, kwa hiyo fanya mwezi wa tano mvua zikipungua, na urudilie mwezi wa tisa mvua zikirudi. Na kila mara majivu yakianguka. Wapangaji wananiambia hii ni kazi ya mwenye nyumba. Kununua serure, sawa, muongee naye. Lakini krayo, mama, krayo usingoje mutu. Wewe njo unalala mule.

Kitu cha mwisho, na hiki ndicho kilinifanya nimuombe shefu nafasi. Nyumba nyingi usiku wanafunga kadena ya ndani, na funguo baba anaiweka chini ya muto wake ao ndani ya suruali. Najua kwa nini. Lakini moto ukianza kwenye jikoni, ao udongo ukitikisika, nani atatafuta suruali? Piga musumari kwenye ukuta karibu na mulango, mbali na dirisha ili mukono wa mutu wa nje usifike, chini kiasi mutoto mukubwa anafika, na funguo ikae pale kila usiku, pale tu, isihame hata siku moja. Alafu usiku wa leo, kabla ya kulala, zimeni taa zote. Mwambie kila mutu wa nyumba, mumoja mumoja, atoke kwenye kitanda chake mpaka kwenye musumari, achukue funguo, afungue mulango mpaka nje. Bila telefone, bila buji. Mama, dada, yule mutoto wa miaka saba, bibi. Mwenye atashindwa, muangalie alishindwa wapi: ni musumari uko juu, ni funguo inazunguka nzito, ao ni mulango unagusa chini. Kama ni musumari, shusha. Kama ni funguo, krayo. Kama ni mulango, mukuje munione jumatatu, kuangalia silipishi. Sasa wale wamekuja na kadena zao, mukuje hapa kwenye meza, tuanze na nyinyi.